Samaki wa Nado: Barafu Tumboni

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, kisu cha Nashipae kilikuwa bado tumboni mwa yule samaki wa ajabu, na vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu kigumu. Watu wa Nado walimzunguka pale ufukweni, shingo zimenyooka. Wengine walinong'ona kuwa ni dhahabu. Wengine pete. Mama mmoja alishaanza kusali.

Nashipae akakivuta kile kitu, akakiweka kiganjani, akakiinua wote wakione.

Kilikuwa kipande cha barafu.

"Dokta Yiamat," akasema, wala hakupaza sauti, "wewe ndiye uliyemgundua huyu. Hebu tuelimishe. Chini ya Ziwa Nado kuna friza?"

Kicheko kikaanzia kwa akina mama, kikahamia kwa wazee, kikaenda kuishia kule nyuma kwa vijana waliokuwa na ng'ombe.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, mambo yalikuwa hivi. Nado ni ziwa dogo upande wa Momela, nje ya hifadhi. Maji yake yana magadi kiasi: ng'ombe wanayapenda, samaki hawayawezi. Ndiyo maana alipokutwa samaki kwenye tope alfajiri ile, mrefu kama mkono wa mtu mzima, hana magamba, ana madoa ya chui na meno ya kutisha hata ndotoni, kijiji kizima kilitoka mbio. Jua halijapanda, Dokta Yiamat, mtafiti wa samaki kutoka mjini, alishasimama mbele ya kamera ya televisheni akitangaza kwamba huyo ni samaki mpya duniani na ataitwa kwa jina lake, Yiamat. Pembeni yake alitabasamu Eliamini, mwenye hoteli, ambaye miaka yote alikuwa akitafuta sababu ya kulizungushia ziwa lile uzio. Na samaki adimu ni sababu isiyobishiwa. Uzio ukisimama, ng'ombe wa Nado wanakufa kiu wakiyaangalia maji.

Wanakijiji ndio waliomwita Nashipae, mkamwana wao, mtaalamu wa samaki, mwenye shahada mbili na ulimi unaokata kuliko kisu alichoshika.

Yiamat alikohoa. "Barafu niliiweka mimi. Ni utaratibu wa kitaalamu wa kuhifadhi."

"Uliiweka lini?"

"Mara tu alipopatikana."

Nashipae akamgeukia mwandishi wa televisheni, msichana aitwaye Agnela. "Mdogo wangu, hebu turudishie ulichorekodi asubuhi."

Agnela hakupenda kumkosea mtu mkubwa, ila habari aliipenda zaidi. Akabonyeza. Sauti ya Yiamat ikatoka kwenye kamera, nene, imeshiba: "Hajaguswa na mkono wa mtu. Amelala pale pale alipotemwa na maji."

Safari hii hata ng'ombe walionekana kucheka.

"Huyu ni mkunga," Nashipae alisema, akifuta kisu kwenye majani. "Wa baharini. Kule Tanga wanamla. Amepakiwa kwenye barafu, akasafirishwa, akaja kutupwa hapa kabla hajayeyuka sawasawa. Angalieni hapa nyuma ya kichwa: hana mapezi ya ubavuni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamjua. Wewe somo hilo ulifeli, Yiamat. Nakumbuka, nilikaa mbele yako na ulikuwa unachungulia karatasi yangu."

Eliamini hakungoja zaidi. Alitembea hadi kwenye gari lake jeupe, akaingia, akafunga. Yiamat alipofika na kuvuta kitasa, mlango ukagoma. Kioo kikashuka kidogo.

"Baki na samaki wako," Eliamini akasema, na gari likaondoka likimrushia tope kwenye suruali.

Baba mkwe wake Nashipae, mzee Parsimei, alisogea akampa mkono. "Mwanangu, umetuokoa."

"Baba, mngekuwa mnauliza kabla ya kushangaa, msingehitaji kuokolewa."

Mzee aliinamisha macho. Hakuzoea kusemeshwa vile na mke wa mwanawe. Lakini ushindi ulikuwa wa Nashipae, na mshindi huachiwa.

Nashipae alipoondoka alimwona Yiamat amekaa juu ya jiwe, viatu vimezama topeni, anamwangalia yule mkunga aliyepasuliwa. Hakumwonea huruma. Kumwonea Yiamat huruma, aliona, kungekuwa kumpandisha cheo.

*

Ushindi wa nusu haukumtosha. Aliyemleta samaki lazima ajulikane, na kichwani mwake jina lilikuwa moja tu: Eliamini. Kilichobaki ni ushahidi.

Alasiri hiyo hiyo alikuwa Ngarenaro, Arusha mjini, kwenye duka la samaki la Khatun, lililobanwa kati ya fundi wa kuchomelea mageti na muuza spea za bodaboda. Ukoo wa Khatun umeuza samaki wa pwani hapo mjini tangu babu yake alipopanda kutoka Tanga. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya meza ya mabati, miwani puani, anakwangua changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiegemee hapo, pabichi."

Nashipae akakunja gauni lake, akaangalia zile ndoo za matumbo kama mtu aliyeonyeshwa choo. Yeye samaki aliwajua kwa majina yao ya Kilatini. Hawa wa kunuka hawakumhusu.

"Nataka kujua nani aliagiza mkunga kwako wiki hii."

"Mkunga?" Khatun hakuinua kichwa. "Arusha mkunga hauziki. Watu wanaona nyoka."

"Lakini aliletwa."

"Aliletwa mmoja. Mkubwa. Kwa oda."

"Oda ya Eliamini, mwenye hoteli," Nashipae alisema, wala halikuwa swali. "Au alimtuma dereva wake. Nataka uje uyaseme hayo mbele ya kamera."

Khatun akaweka kisu chini. Alimpandisha Nashipae kwa macho, akamshusha, akambakiza pale chini kwenye viatu.

"Umekuja na jibu lako mkononi, mwanangu. Sasa mimi wa nini?"

"Nahitaji mtu wa kulithibitisha."

"Basi tafuta mwingine, maana Eliamini simjui hata kwa sura." Akachukua changu mwingine. "Aliyeagiza mkunga ni Ezra wa Elerai. Yule aliyegombea udiwani akaanguka. Alikuja mwenyewe na kasha lake la barafu, anatabasamu, ananiuliza hali ya wajukuu. Mimi nikajua wewe ndiye uliyemtuma. Si wewe ndiye bingwa wa samaki hapa mjini?"

Nashipae akaiegemea ile meza aliyokatazwa.

Ezra wa Elerai, msomaji, ni mumewe.

*

Ukweli usemwe: katika watu wote ambao Nashipae aliwadharau, na hawakuwa wachache, hakuna aliyedharauliwa kwa utaratibu mzuri kama Ezra. Alimdharau kwa upole, kila siku, kama anayemwagilia ua. Mwanamume amegombea udiwani mara mbili, mara zote chali, na mara ya pili kura zake zilikuwa chache kuliko idadi ya ndugu zake. Tangu hapo kazi yake ni kukaa kwenye kijiwe cha kahawa mtaani kwao Elerai, kusikiliza shida za watu na kuwaahidi vitu ambavyo hakuna aliyemwomba.

Alimkuta sebuleni, bakuli la loshoro, mahindi ya maziwa mgando, magotini, anaangalia taarifa ya habari. Kwenye televisheni Nashipae alikuwa anainua barafu.

"Njoo ujione," Ezra akasema. "Umewachinja bila kisu. Hapo kwenye friza nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta."

Nashipae akazima televisheni.

"Nimetoka kwa Khatun."

Kijiko cha Ezra kikasimama hewani. Halafu kikaendelea na safari yake hadi mdomoni. Alitafuna, akameza, akaweka bakuli chini.

"Basi kaa," akasema.

"Sikai. Amekulipa nini Eliamini? Umeuza maji ya baba yako mzazi?"

"Eliamini hanijui."

"Ulimwekea samaki ziwani."

"Nilimwekea mtego. Kuna tofauti." Alizungumza taratibu, bila ule mzaha wake wa kahawani. "Mimi ndiye niliyempigia Yiamat simu alfajiri, sikutaja jina. Nilijua hataangalia, atakimbilia kamera. Nilijua Eliamini atakuja nyuma yake kama inzi. Na nilijua kijiji kitakuita wewe, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wakuite."

"Ili iweje?"

"Ili uwaaibishe. Uwaaibishe vizuri, mbele ya nchi nzima, mpaka mtu mwingine akija kusema ameona samaki Nado, watu waanze kucheka kabla hajamaliza sentensi."

Nashipae alisonya. "Hakuna samaki Nado. Mtu mwingine atoke wapi?"

Ezra alimwangalia tu mkewe, mpaka Nashipae akakaa kwenye kiti alichokikataa.

"Wapo?" akauliza.

"Tangu masika haya. Wachungaji wamewaona. Wadogo, weupe. Habari ilishaanza kutembea, mke wangu, na habari ikishatembea huizuii. Unaizalia ndugu mjinga. Watu wakishamcheka yule mjinga, mwenzake anapita salama." Akalichukua tena bakuli lake. "Nilihitaji mtu mmoja tu wa kuifanya kazi ya kudharau. Nikajiuliza, hapa Arusha nani anajua kudharau kuliko mke wangu?"

Kama angempiga kofi, lingeuma kidogo kuliko hilo. Miaka yote Nashipae alidhani yule mwanamume haoni kinachopita usoni mwake wakati wa chakula. Kumbe alikuwa anakiona, anakihifadhi, na siku kilipohitajika amekitoa na kukitumia kama jembe la nyumba.

"Nionyeshe," akasema.

*

Kulipokucha walikuwa Nado. Juu kidogo ya ziwa, nyuma ya boma la mzee Parsimei, kuna chemchemi inayotoka kwenye mwamba na kutuama kabla haijateremka ziwani. Mlima Meru ulikuwa wazi asubuhi hiyo, kichwa hadi kiuno. Ezra akachota maji na dumu alilokata mdomo, akasubiri, akachota tena. Safari ya pili akamwita.

Ndani kulikuwa na kitu kisichozidi kidole kwa urefu. Cheupe, chenye wekundu kidogo mashavuni, kama nyama ya kuku mbichi.

"Dagaa," Nashipae alisema, midomo imeshabetuka. "Umenileta mpaka huku kwa ajili ya dagaa."

"Mwangalie usoni."

Akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama. Akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Hakuwa na macho. Si kwamba yameliwa, wala hayakuoza. Hayakuwahi kuwapo. Ngozi ilipita laini mahali pake, kama ukuta uliojengwa bila kukumbuka dirisha. Nashipae akatia kidole majini, mbali naye kabisa, wala hakukitikisa. Samaki akageuka, akaja moja kwa moja, akakigusa.

"Anaishi chini," alisema, na sauti yake haikuwa ile tunayoijua. "Kuna maji gizani huko, ndani ya mlima. Wameishi humo mpaka macho yakawa hayana kazi. Mvua za mwaka huu zimewasukuma nje."

"Unamjua?"

"Hakuna anayemjua, Ezra. Hayupo kwenye kitabu chochote nilichosoma."

Ezra akakaa kwenye jiwe, akajishika kichwa. "Nilikuwa namwomba Mungu uniambie ni takataka," akasema. "Tangu tuoane nakuombea uache dharau. Leo ndipo nilipoihitaji."

Wote wawili walielewa walichokiona. Nashipae akisema neno moja, jina lake litasomwa duniani kote, na kabla ya mwezi kuisha uzio utasimama, safari hii bila mkunga wa Tanga wala Eliamini, uzio wa haki kabisa, wenye mihuri. Akikaa kimya, ng'ombe wa Parsimei watakunywa, na siku moja kwato zitaiziba hii chemchemi bila mtu kujua kilichokuwamo.

"Mrudishe," Nashipae alisema hatimaye. "Naomba nifikiri."

Ezra akamwaga maji yale taratibu pale yalipotoka. Kisha akajaza dumu jingine, la nyumbani, akalibeba.

Hawakupewa nafasi ya kufikiri. Kutoka ufukweni ilisikika honi ya gari.

*

Walikuwa wamejaa tena pale pale pa jana. Agnela na kamera yake, aliyekuja kumhoji bingwa. Eliamini, aliyeifuata kamera, kando ya gari lake jeupe, mikono mifukoni. Na katikati, Yiamat. Suti ni ile ile, tope limekauka. Alikuwa amelala kwenye benchi la kanisa, kwa kuwa hakuna aliyempa lifti ya kurudi mjini, na kulipopambazuka, kwa aibu ya kukutana na watu, alikwenda kutembea peke yake kando ya maji.

"Nashipae, habari za asubuhi," akasema. "Jana ulinifundisha. Nimerudi darasani."

Akainua chupa ya plastiki, ikapigwa na jua. Ndani yake, kitu cheupe kiligeuka.

Ezra akaondoka nyuma ya Nashipae, akaenda na dumu lake kusimama kando ya baba yake. Mzee Parsimei alikuwa ameegemea fimbo yake kati ya ng'ombe, anangoja kama wengine.

"Nimemkuta kwenye majani, pale maji ya chemchemi yanapoingia ziwani," Yiamat alisema. "Sijamtangaza. Sijampa jina. Nauliza tu anayejua."

Nashipae aliichukua chupa, akaitazama kwa muda ambao mtu hutazama mabaki ya chakula, akamrudishia.

"Kambare mchanga. Kazaliwa kilema. Hata kwenye mitaro ya Ngarenaro wapo." Akasonya. "Yiamat, kauze vitunguu. Kitunguu hakina ugumu wa kukitambua."

Umati ukacheka. Tangu aanze kazi hakuwahi kudanganya kuhusu samaki, na ajabu ni kwamba uongo huo wa kwanza ulitoka bila jasho, kwa kuwa ulivaa dharau ile ile ya kila siku. Agnela akashusha kamera. Eliamini akafungua mlango wa gari.

Yiamat hakukasirika. Alitikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeelewa. Akafungua kifuniko, akamwaga chupa yote juu ya jiwe bapa miguuni pake. Maji yakatawanyika. Samaki akabaki pale juu ya jiwe, anapindapinda.

"Kwa hiyo si kitu," akasema.

"Si kitu."

"Hata nikimkanyaga."

Nashipae akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Mkanyage."

Kiatu kikainuka. Kikashuka.

Kilitua juu ya mkono wa Nashipae.

Hakukumbuka kupiga magoti. Alijikuta tu yuko chini mbele ya umati, kiganja kimemfunika yule samaki, na juu ya kiganja soli ya Yiamat yenye tope. Maumivu yalipanda hadi begani, lakini hakuutoa mkono.

Kicheko kilikatika kama kamba. Eliamini akaufunga mlango wa gari, akaanza kurudi. Kamera ya Agnela ikainuka.

Yiamat aliondoa mguu wake, akachuchumaa mbele yake. Usoni mwake hamkuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Nashipae kuliko kiatu.

"Nilisoma na wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nilijua huwezi. Sasa waambie."

Chini ya kiganja chake, samaki alipiga mkia. Akapiga tena, kwa unyonge. Kisha akatulia, na Nashipae akahisi mashavu yake madogo yakifunguka na kufumba juu ya ngozi yake, yanatafuta kitu kisichokuwapo.

Maji ya ziwa yalikuwa hatua chache tu, lakini yana magadi, yangemmaliza. Nashipae akainua uso.

"Maji," akasema. "Ya chemchemi. Nileteeni maji."

Watu wakageuka kumtazama mwenye dumu. Alikuwa Ezra. Alisimama kando ya baba yake na ng'ombe wa baba yake, dumu limejaa, mkono umekaza kwenye mshikio.

Na hakusogea.